Shajara ya lacha mdogo: teria gani kwa wipeti wa Mzee?

8 Oktoba 2022

Naanza kuandika leo, maana nikitegemea kichwa nitachanganya mbwa na mbwa. Mradi wenyewe ni kupata mbwa mmoja mdogo wa kazi, chotara wa teria (mbwa mdogo mkaidi wa kufuata wanyama shimoni) na wipeti (mbwa mwembamba wa mbio), wa kunisaidia kutoa sungura kwenye mashamba ya karoti huku Breckland, Norfolk ikipakana na Suffolk. Waingereza humwita mbwa wa namna hii lacha. Lacha si mbegu yenye kitabu chake, ni mchanganyiko tu: damu ya mbwa wa mbio kama wipeti, greihaundi au saluki, ikatiwa damu ya mbwa wa kazi kama teria au mbwa wa kondoo. Wakubwa wao wanamfika mtu kiunoni. Mimi nataka wa magotini, anayeenea kwenye gari langu dogo pamoja na sanduku la fereti.

Kwa asiyemjua, fereti ni jamaa ya kicheche aliyefugwa Ulaya tangu zamani. Anatiwa shimoni, sungura wanatoka mbio, wanajifunga kwenye nyavu tulizotega midomoni mwa mashimo. Msimu ni Oktoba mpaka Machi, majani yakiwa yamekufa na mashimo yanaonekana. Na sungura wa hapa si yule wa hadithi zetu za utotoni. Yule wa kwetu hachimbi, hulala juu ya ardhi. Ni ndugu wa yule ambaye Waingereza humtenga kwa jina (hare) na kwa sheria, na humu nitamwita kitungule. Huyu wa shimo, kwenye mchanga wa Breckland, anachimba mji mzima.

Kazi kubwa ya mbwa hapa ni pua. Apite juu ya mashimo, asimame kwenye lile lenye mtu ndani, anyamaze. Hiyo nitaiita kuashiria. Kukimbia kunakuja baadaye, kwa yule sungura aliyeponyoka wavu, na hapo anahitaji hatua kumi za haraka, si maili moja. La mwisho, na kwangu ndilo la kwanza: amlete akiwa hai mkononi, bila ya kumtoboa. Nikimpata hai nachinja mwenyewe, napika. Na sisi Mashafi, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Ngozi inavuliwa, hiyo haina taabu. Nyama iliyoingiwa na meno ndiyo inayonipa kazi na wasiwasi.

Mimi mtu wa Makunduchi. Mjomba wangu alikuwa msasi, akitoka na wenzake kusasa nguruwe waliokuwa wakifukua mihogo. Mbwa wake hawakuchaguliwa na mtu. Aliyeishi ndiye aliyezaa. Kwa hiyo hili la kukaa chini kupanga baba na mama wa mbwa ni geni kwangu, na mama nimemficha nusu ya habari. Kila nikimpigia huuliza, "Haingii ndani lakini, mwanangu?" Namjibu haingii. Wa sasa ni wa kuazima, anafika mpaka kwenye zulia la mlango wa jikoni. Zulia silitaji.

23 Oktoba

Nimekaa na Mzee. Si jamaa yangu. Ni Mwingereza mstaafu aliyenifundisha fereti, mzaliwa wa Durham, babake mchimba makaa. Yeye ndiye mwenye Fern, jike la wipeti la miaka 4, ambalo tunakusudia lizae.

Wipeti walikuwa mbwa wa watu wa machimbo ya kaskazini. Waliwashindanisha kwa kitambaa: mmoja anamshika mbwa mwanzo wa njia, mwenyewe anasimama mwisho akipunga kitambaa na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Kipimo cha Kennel Club, chama cha mbegu za mbwa cha Uingereza, ni sentimita 44 mpaka 47 kwa jike, 47 mpaka 51 kwa dume. Fern ana 46. Anakimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Lakini ngozi yake ni karatasi. Msimu uliopita seng'enge ilimpasua bega, akashonwa nyuzi tisa, na mbwa wa jamii hii daktari huwachagulia dawa za usingizi kwa uangalifu, maana hawana mafuta mwilini na baadhi ya dawa hukawia sana kuwatoka.

Ndiyo maana tunatafuta teria: ngozi nene, manyoya ya kukinga miiba, pua, na ukaidi kidogo. Nikamuuliza Mzee, Bedlington au Border? Akaniuliza, "Bedlington yupi? Wa nani? Umemwona akifanya nini?" Sikuwa na jibu hata moja.

12 Novemba

Bedlington wa kwanza, Lincolnshire, mwendo wa saa mbili kasoro.

Ukimtaja lacha mdogo kwa Waingereza, tisa kwa kumi watakwambia Bedlington na wipeti. Sababu ipo. Bedlington naye ametoka kwenye machimbo, huko Northumberland, na zamani aliitwa teria wa Rothbury. Ana mgongo wa upinde na miguu mirefu kuliko teria wengi, kama sentimita 41 begani, hivyo mtoto wake na wipeti hatoki kiguru. Uso wake ni wa mwanakondoo. Roho yake sivyo kabisa.

Dume tuliloliona lilikuwa la buluu, kimya, na pua yake ilikuwa ya kweli: aliashiria mashimo mawili na yote mawili yalikuwa na sungura. La tatu sungura akaponyoka. Dume likamkamata vizuri, halafu likamtikisa mara moja tu, kama mtu anayekung'uta nguo. Basi, kwisha. Mwenyewe akafurahi. Mimi nikaangalia mbavu za yule sungura baada ya kuvua ngozi, zilikuwa tambi.

Jambo jingine ni ini. Bedlington wana ugonjwa wa kurithi ambao shaba inajikusanya kwenye ini mpaka linaharibika. Kasoro iko kwenye jeni ya COMMD1, na mbwa huugua akipata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kipimo cha DNA kipo. Nikauliza karatasi. Hakuna. "Huyu mzima, mwangalie mwenyewe." Sawa, na mtoto wake wa kwanza kwa wipeti hataugua, pengine atabeba tu. Ila watu wengi huku huchukua chotara wa Bedlington wakampandisha kwa chotara mwingine wa Bedlington, na hapo wabebaji wawili wanakutana gizani. Sitaki kuwa mwanzo wa mnyororo huo.

Tulirudi bila ya ahadi. Mzee alilala njia nzima.

3 Desemba

Jack Russell: nimeona watatu, wote wachangamfu, wote wanabweka wakikimbiza. Sungura aliye chini akisikia kelele juu hatoki, atakubali fereti amparure mgongo. Na ni wafupi, mtoto anaweza kutoka na kifua cha teria na miguu isiyotosha.

Patterdale: mbwa wa milima ya Cumbria, mweusi, ngumi tupu. Nikamgusa yule dume kichwani nikahisi jiwe. Kwa panya hana mpinzani. Kwa sungura wa kuletwa hai, mh.

Hawa wote wawili, pamoja na teria wengine kadhaa, wana kasoro ya kurithi ya lenzi ya jicho kuchomoka mahali pake. Nayo ina kipimo cha DNA. Naandika hapa ili mwakani nisijifanye sikujua.

Nimepoteza pia Jumapili nzima kwa muuzaji mmoja aliyetangaza watoto wa wipeti na teria "tayari kuondoka". Nikafika, watoto wako jikoni, mama yao hayupo. "Yuko kwa dada yangu." Tangu Aprili 2020, England, anayeuza kibiashara mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6 lazima awe amemzalisha mwenyewe, au awe kituo cha kuokoa wanyama. Nikaaga.

14 Januari 2023

Leo nimemwona niliyekuwa namtafuta, na nilikuwa sikwenda kumtafuta.

Baridi kali, mchanga umeganda juu kama sukari iliyoshikana. Tulialikwa kusaidia shamba la jirani, na mwenyeji alikuja na dume lake la Border, Tinker, miaka 6, kilo 7, rangi ya ngano iliyoungua. Border ni teria wa milima ya Cheviot, England inapopakana na Scotland. Walimtaka awe na miguu ya kufuatana na farasi na kifua chembamba cha kuingia shimoni, na kichwa chake wanakifananisha na cha fisi-maji. Ukimtazama usoni utakubali.

Tinker alishuka garini bila ya haraka. Akakojoa kwenye gurudumu letu. Kisha akaanza kupita juu ya mashimo, pua chini, kila shimo sekunde mbili au tatu, kama karani anayepitia fomu. La kwanza akaliacha. La pili akaliacha. Kwenye la nne akaweka kichwa mlangoni, akakitoa, akakirudisha. Mguu wa mbele wa kulia ukainuka. Mkia ukasimama, ncha tu inatetemeka. Hakuchimba. Hakutoa sauti. Mzee akanigusa kiwiko, tukatega nyavu tisa kwa vidole vilivyokufa ganzi, tukamtia fereti jike.

Wamekuja sita. Wa tano aliufumua wavu niliotega vibaya mimi, akaingia kwenye kichaka cha miiba myeusi ambacho Fern asingekikaribia. Tinker akaingia nyuma yake. Tulisikia kijiti kimoja kikivunjika. Akatoka kinyumenyume na sungura amemshika mgongoni, akatembea, hakukimbia, mpaka kwa mwenyewe, akamwachia kwenye kiganja. Niliomba nimshike yule sungura. Moyo wake ulikuwa unapiga kama cherehani. Nikapapasa mgongo, mbavu, paja: hakuna tundu.

Yule bwana wakati huo alikuwa ameinama anatafuta fereti. Hakuona ajabu yoyote.

28 Januari

Nimekwenda kumwona Tinker mara nyingine, mvua inanyesha, mbali na watu, nikihofia siku ile ilikuwa bahati. Haikuwa. Mamake tumemwona pia, mzee wa miaka 12, naye anaashiria mpaka leo, ingawa haoni vizuri. Nimeuliza juu ya mishtuko ya kukakamaa inayowasumbua baadhi ya Border na ambayo kwa wengi hupungua wakiondolewa ngano kwenye chakula. Mwenyewe anasema hajaiona kwenye ukoo wake, na alinijibu kabla sijamaliza swali, jambo lililonipa moyo.

Tumebishana na Mzee kizazi cha kwanza au robo. Yeye anapenda mtoto wa kizazi cha kwanza arudishwe tena kwa wipeti, awe robo tatu wipeti. Kasi inarudi. Ngozi ya karatasi nayo inarudi. Mimi nimeshikilia kizazi cha kwanza, kwa sababu nusu kwa nusu watoto hufanana zaidi na unajua unachopata. Ukipandisha chotara kwa chotara, mzao mmoja unaweza kuwa na wipeti mtupu, teria mtupu, na kitu kilichoshonwa katikati. Manyoya ya waya na ndevu pia yananisaidia, jeni yake inatawala, nakala moja ya baba inatosha. Na urefu: nakadiria sentimita 40 na ushei, ambao hautamruhusu kuzama shimoni. Teria akizama kwenye mchanga huu, siku yako umeimaliza na jembe.

Mzee amekubali kwa kusema, "Mbwa wako."

19 Februari

Polisi. Mtu mmoja alipita barabarani akaona mtu mweusi mwenye wipeti kwenye shamba, akapiga simu kwamba kuna majangili wa vitungule. Simlaumu sana. Mikoa hii ya mashariki inasumbuliwa na magenge yanayoingia na lacha wakubwa usiku na mchana, wanakanyaga ngano na kutishia wakulima, na mwaka 2022 adhabu ziliongezwa mpaka kifungo. Askari wawili walikuja na ustaarabu wao. Niliwaonyesha barua ya mwenye shamba, nyavu na fereti. Fern alimlambia mmoja wao glavu.

Kwa anayetaka kuanza huku: Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika 18 Februari 2005, inaruhusu England na Wales kuwinda sungura na panya kwa mbwa, kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Kitungule hapana. Scotland wana sheria yao, na ile ya 2023 imembana hata sungura. Ruhusa iwe ya maandishi, na iwe mfukoni, si nyumbani kwenye droo. Nilijifunza siku ya mvua.

26 Machi

Fern alianza damu tarehe 9. Mimi kwa haraka zangu nikampeleka kwa Tinker siku ya 11, akamng'akia akakaa chini. Daktari wa wanyama akapima homoni kwenye damu, akasema subirini siku nne au tano. Tumepandisha tarehe 24 na leo.

Tumechagua jike awe wipeti na dume awe teria makusudi, mama mkubwa anazaa kwa urahisi zaidi. Shida ni kimo. Tinker anamfika Fern tumboni. Mara ya kwanza tuliweka mkeka wa mpira juu ya tofali, likateleza. Mara ya pili Mzee akamsimamisha Fern upande wa chini wa mteremko, akamshika kichwa, akatazama mawinguni kwa heshima. Walishikana dakika 17. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli juu ya watu wawili na mbwa wawili na nilifikiria nini nitamwambia mama akipiga sasa hivi.

27 Mei

Usiku wa manane mpaka alfajiri, jikoni kwa Mzee. Picha ya wiki ya nne ilionyesha wanne, wamezaliwa watano. Wa mwisho hakupumua. Mzee alimsugua kwa taulo dakika ishirini nzima, akampangusa pua, akamsugua tena, akamfunga kwenye leso yake na kumweka kando. Hatukusema kitu. Majike matatu, dume moja. Mkubwa gramu 290.

Mikia hatukati. Sheria inaruhusu kwa mbwa wa kazi wa jamii ya teria, kwa daktari, kabla ya siku 5, lakini lacha anageukia mkia wake kama ngalawa na usukani.

22 Julai

Wiki nane. Wote wamewekewa chipu ya utambulisho. Ndevu zimetoka kwa wote wanne, ingawa za dume zinahesabika.

Uchaguzi. Nilikuja na orodha ndefu nikaishia kuitumia mistari miwili. Nilifunga ngozi kavu ya sungura kwenye uzi, nikaivuta nyasini. Dume likairukia na kuitikisa. Sikuwa na haja ya kuangalia zaidi, ni mbwa mzuri wa mtu mwingine. Jike la kijivu likaishika likakimbilia chini ya gari. Jike jekundu halikuona. La nne, rangi ya mchanga, likaifuata kwa pua mpaka ilipoishia, likaichukua kwa ncha ya meno, likaduwaa likitutazama.

Nimemwita Chonjo.

Mzee amebaki na la kijivu. Anasema ni la majaribio. Tayari linalala kwenye kiti chake.

30 Septemba

Sentimita 39, bado anakua. Chanjo zimekwisha. Amezoeshwa fereti kwenye kizimba, amezoeshwa kuku, amezoeshwa kondoo kwa kamba ndefu. Jaribio la kwanza la manyoya: ameingia kwenye miiba kumfuata panya-shamba, ametoka na mkwaruzo mmoja sikioni. Fern angerudi na nyuzi.

Anabweka. Si akikimbiza, ni akiachwa garini. Hiyo ni ya baba au ya mama sijui, kila mwenye mbwa anasema si ya kwake.

Sungura wenyewe ndio wamepungua. Ugonjwa wa myxomatosis ulioingia 1953 uliwamaliza karibu wote, wakarudi, kisha tangu miaka ya 1990 ukaja wa kutoka damu. Kituko cha Breckland ni kwamba upande huu wa seng'enge mkulima wa karoti ana wajibu wa kisheria wa kuwadhibiti, na upande wa pili wahifadhi wanawabembeleza warudi, kwa sababu nyasi fupi na maua adimu ya mchanga huu yanahitaji meno yao. Wanavuka wenyewe. Hawajasoma ramani.

13 Januari 2024

Mwaka mmoja kasoro siku moja tangu Tinker na lile shimo la nne. Chonjo ana miezi saba na nusu, sentimita 43, kilo 9 na nusu.

Asubuhi alipita juu ya mashimo kama mtalii. Kwenye mji wa kwanza aliashiria shimo tupu, fereti akaingia akatoka anapiga miayo. La pili vilevile. Mzee hakusema kitu, alikuwa anamenya chungwa. Kwenye ukingo wa mwisho, karibu na msonobari, Chonjo akapita shimo akiwa anakwenda zake, akasimama, akageuza kichwa peke yake, mwili ukabaki ulikokuwa. Akarudi. Mguu wa kulia ukainuka. Ule ule wa babake.

"Hamna mtu hapo," Mzee akasema, "nimetoa watatu wiki iliyopita."

Tukatega. Fereti akaingia. Dakika moja, mbili, nne. Nikaanza kukunja kamba. Ndipo ardhi ikagonga chini ya miguu yetu, ile ngoma ya sungura anayekataa, na akatoka kwenye tundu lililofunikwa na majani ya msonobari ambalo sisi sote wawili hatukuliona. Chonjo alimkamata hatua ya saba au ya nane. Hakutikisa. Akageuka, akaja kwa mwendo wa kudemadema, sungura anapiga teke hewani, mpaka hatua tatu kutoka kwangu, akasimama.

Nikachuchumaa nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaita. Akatikisa mkia, hakusogea. Nikakumbuka alivyofanya mjomba kwa mbwa wake wote, nikampa mgongo nikaanza kuondoka. Nikasikia pumzi nyuma ya goti, kisha uzito wa moto ukaangukia kwenye kiatu changu, na kabla sijainama sungura akajirusha, akapita kati ya miguu ya Mzee, akarudi shimoni kwake.

Mzee alicheka mpaka chungwa likamdondoka.

Ya kufanya wiki ijayo: kumfundisha kuachia mkononi, si kiatuni, kwa kutumia mpira na ngozi kavu, ndani ya uchochoro wa nyuma ili asipate pa kwenda. Nyavu mbili zimetoboka. Kumpigia mwenye Tinker kumwambia habari ya ule mguu.